Ekari za Karimene Zisizo na Jina

Mwaka wa 1979 mji wa Isiolo ulikuwa na watu wengi waliojua kusema na wachache waliojua kuandika, na kati ya hao wachache hakuna aliyemfikia Ibrae Godana. Alikuwa karani katika ofisi ndogo ya habari nyuma ya soko, yenye mashine moja ya taipu na madirisha mawili yasiyofunga. Mtu akitaka kumwandikia mwanawe aliyeko jeshini, alikwenda kwa Ibrae. Mwingine akitaka kumsihi mkwe asivunje uchumba, alikwenda kwa Ibrae. Maneno yalimjia kama ng'ombe wanavyorudi zizini jioni, kila mmoja akijua mahali pake.

Ng'ombe wenyewe hakuwa nao. Baba yake, mzee Godana, alikuwa na zizi kubwa kule Biliqo, mpaka ukame wa mwanzo wa miaka ya sabini ulipopita na kumwachia fimbo na mbuzi kumi na mmoja. Mzee alikufa hajazoea kuitwa mtu wa mbuzi. Ibrae akabaki mjini, katika nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Kiwanjani, yeye na mkewe Kaltuma na binti yao mdogo, Tiya. Maji yao yalikuwa ya bomba la mtaa, na Kaltuma aliyapangia foleni kila asubuhi na madebe yake mawili, siku nyingine akirudi na moja.

Meza iliyotazamana na meza ya Ibrae ilikuwa ya Mbaabu, mwana wa Ntongai, Mmeru wa kijiji cha Karimene, juu huko mlimani. Walikuwa wamekaa hivyo miaka sita, magoti yao yakikaribia kugusana chini ya meza. Kila Jumatatu Mbaabu alirudi kutoka kwao na kikapu, akatoa viazi, au nduma, au mkungu mdogo wa ndizi, akauweka mbele ya Ibrae bila kusema neno. Ibrae alishukuru. Mwaka wa kwanza alishukuru kwa moyo. Mwaka wa tatu alishukuru kwa mdomo. Kufikia mwaka wa sita alikuwa akikiona kikapu hicho mlangoni anainamisha kichwa na kujifanya anatafuta karatasi, kwa kuwa hakuwa na kitu hata kimoja ambacho angeweza kumletea Mbaabu siku ya Jumanne.

Siku moja mkubwa wao wa kazi, Bwana Kanchoro, aliwaita wote wawili.

"Kuna kampuni ya Nairobi," alisema. "Inatoa kijitabu. Wanataka vijiji vitulivu vya mlimani, mahali pa baridi, ambapo wageni wanaokwenda kutazama wanyama huku chini wanaweza kupanda wakalala. Na mtu mwenye uwezo akipenda, anunue ploti ajenge. Mbaabu, wametaja kwenu."

"Kwetu?" Mbaabu alicheka. "Karimene kuna nini, Bwana Kanchoro? Ukungu na ng'ombe."

"Hicho ndicho wanachotaka. Ibrae, wewe ndiye utaandika. Nenda ukae siku tatu, uone kwa macho."

"Ukae kwangu," Mbaabu akasema papo hapo, akimgeukia. "Na umlete mama Tiya na mtoto. Gaceri ataniua nikikuleta peke yako."

Hivyo wakapanda, siku ya Ijumaa baada ya swala, katika gari la miraa lililokuwa likirudi tupu. Kiwanjani waliiacha na vumbi lake. Baada ya saa moja Kaltuma alimfunika Tiya kwa mtandio wake wa pili. Baada ya saa moja na nusu Ibrae mwenyewe aliona mikono yake imesimama vinyweleo. Barabara ilipinda, miti ikawa mirefu, na hewa ikaanza kunuka majani mabichi. Kisha wakasikia maji kabla hawajayaona. Yalikuwa yakikimbia ndani ya mfereji mwembamba kando ya njia, hayana foleni, hayana bomba, hayana mtu wa kuyachunga.

"Subhanallah," Kaltuma alisema taratibu. "Yanakwenda wapi haya?"

"Yanapita tu, mama Tiya," Mbaabu akamjibu. "Yanakwenda kwa watu wa chini."

Nyumba ya Mbaabu ilikuwa ya mbao, yenye paa la mabati, juu ya kilima kidogo. Nyuma yake ng'ombe wawili wa maziwa walisimama katika majani yaliyowafika magotini. Ibrae aliwatazama ng'ombe wale muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Mbavu zao hazikuonekana. Alikumbuka mbavu za ng'ombe wa baba yake, jinsi mtu alivyoweza kuzihesabu akiwa mbali, na akahisi kitu kidogo kikimchoma chini ya kifua, kama mwiba wa mgunga uliovunjikia ndani.

Gaceri, mkewe Mbaabu, aliwapokea kwa mikono miwili. Alikuwa amenunua sufuria mpya na kisu kipya, na alivitoa kabatini vikiwa bado vimefungwa katika gazeti.

"Hivi havijaguswa na kitu," alimwambia Kaltuma. "Vyombo vyenu, mpike wenyewe. Na kuku yule pale, baba Tiya atamchinja kwa mkono wake, ndipo mle kwa amani."

Kaltuma alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Ibrae alichukua kisu. Alisema bismillahi, akachinja, na huku damu ikishuka katika nyasi akawaza: hata hili wamelifikiria. Hawakumwachia hata mahali padogo pa kulalamika. Mtu akikukosea unaweza kumlipiza. Akikutendea wema huu wote, utamfanya nini?

Jioni hiyo, wamekaa jikoni karibu na moto, alimuuliza Mbaabu habari za kijiji ili aandike. Mbaabu alijibu kila swali kwa neno lile lile.

"Kitu cha kawaida tu."

"Maziwa mnapata kiasi gani?"

"Ya kutosha chai. Kawaida tu."

"Kiangazi je? Mfereji unakauka?"

"Haujakauka tangu nizaliwe. Lakini si kitu, Ibrae. Hapa hakuna kitu. Mjini ndiko kuna maisha."

Laiti angejisifu! Ibrae angeweza kumcheka rohoni. Lakini Mbaabu alisema kweli yake, alidhani kweli kwamba hana kitu, na maneno hayo yalimwingia Ibrae kama chumvi katika kidonda. Huyu ana maji mlangoni na haoni. Ana baba aliye hai, mwenye ardhi, na haoni.

Jumamosi asubuhi baba huyo, mzee Ntongai, alikuja kumchukua mgeni amtembeze. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye koti la jeshi lililochakaa na miguu isiyochoka. Walipita mashamba ya viazi, wakapita kanisa la mbao na shule ya madarasa manne, wakapanda mpaka mahali miamba ilipopasuka na chemchemi ikatoka, baridi, safi, ikisukuma changarawe kama uji unaochemka. Kando yake palikuwa na uwanda mpana wa nyasi. Watoto walichunga ndama pale, na wanawake wawili walikuwa wakiteka maji.

"Sehemu hii ni ekari arobaini hivi," mzee alisema. "Wapimaji walipokuja, kila mtu alitaka shamba lake liandikwe jina. Hapa tuliwaambia waruke. Ukiandika jina la mtu mmoja kwenye maji, umeanza vita. Hii ni ya ukoo wote."

"Kwa hiyo katika vitabu vya serikali haina jina?"

"Haina. Ina sisi." Mzee alimtazama usoni. "Kijana wangu, wewe ni rafiki wa mwanangu, ndiyo maana nimekuonyesha. Andika maji. Andika baridi, andika ndege, andika viazi. Ardhi hii usiiandike. Watu wa pesa wakisikia kitu hakina jina, wanakuja na jina lao."

"Nimesikia, mzee."

"Sawa. Mimi nimekuamini."

Nao wakarudi. Walipofika mteremko wa juu ya nyumba, Ibrae alisikia kicheko. Alisimama. Alikijua, na wakati huo huo ilikuwa kama hakijui, maana alikuwa hajakisikia kwa miaka.

Chini kwenye mfereji, Kaltuma alikuwa amekunja gauni mpaka magotini, amesimama ndani ya maji. Alikuwa amelifua gauni la Tiya, akalisuuza, akalifua tena bila sababu, kwa raha tu ya maji yasiyoisha. Gaceri alikuwa ukingoni. Mbaabu naye alikuwa hatua chache kutoka hapo, ameshika ndoo, akisema jambo juu ya baridi ya maji na vidole vya miguu, na Kaltuma akicheka kichwa nyuma, meno yote nje, kama msichana aliyemwona kwenye harusi ya binamu yake mwaka ule alipoamua kumposa.

Hapakuwa na ubaya wowote pale. Ibrae aliujua ukweli huo wakati ule, na aliujua baadaye miaka yote. Mbaabu hakuwa akimtazama mke wa mwenzake kwa jicho baya, wala Kaltuma hakuwa akimchekea mwanamume. Alikuwa akiyachekea maji. Lakini Ibrae hakuwa na maji ya kumpa. Alikuwa amempa foleni na madebe mawili, na kicheko hiki alikuwa amekipoteza huko njiani bila kujua, kumbe kilikuwa hapa mlimani, mali ya Mbaabu kama vitu vingine vyote.

"Abba Tiya!" Kaltuma alimpungia. "Njoo uweke miguu! Wallahi inauma kama barafu!"

"Nina kazi," alijibu, akaingia ndani.

Alikaa mezani karibu na dirisha, akafungua daftari. Aliandika mchana kutwa, na aliandika vizuri kupita alivyowahi kuandika. Aliandika ukungu unavyoshuka asubuhi na kupanda saa nne kama pazia. Aliandika moshi wa jikoni, harufu ya udongo, watu wasiofunga milango. Kila neno la sifa lilimtoka kwa uchungu, na huenda ndiyo sababu lilikuwa tamu. Mwenye njaa ndiye anayejua kusimulia chakula. Kisha akafika kwenye chemchemi. Akasikia tena kicheko nje. Mkono wake ulisimama kidogo, ukaendelea.

Aliandika: "Kando ya chemchemi hii isiyokauka kuna ardhi tambarare ya kiasi cha ekari arobaini, ambayo mpaka leo haijasajiliwa kwa jina la mtu yeyote."

Aliisoma. Haikuwa uongo. Hata neno moja ndani yake halikuwa la uongo. Akafunga daftari, akatoka, akanywa chai ya Gaceri.

Jumapili jioni walirudi Kiwanjani. Wiki nzima Kaltuma hakuwa na hadithi nyingine. "Gaceri anaosha vyombo kwa maji yanayotembea." "Mbaabu amemtengenezea Gaceri mfereji mdogo mpaka mlango wa jikoni." "Mbaabu si mtu wa maneno mengi, lakini anatenda." Ibrae alisikiliza, akala, akalala. Hakujuta. Kila alipotaka kujuta, jina la Mbaabu lilitajwa.

Kijitabu kilitoka baada ya miezi mitatu, chenye picha za rangi. Bwana Kanchoro alikipiga busu mbele ya ofisi nzima. Mbaabu alifurahi kuliko wote. Alipanda juu ya kiti akawasomea makarani na wapita njia kwa sauti, huku akisimama kila mara kusema, "Baite! Jamani, huyu mtu ana kalamu! Ni kwetu hapa, mnasikia? Ni kwetu!" Akasoma ukungu, akasoma moshi, akasoma viazi. Kisha sauti ikapungua. Akasoma sentensi moja kimoyomoyo, midomo ikicheza. Akashuka kwenye kiti.

Alipobaki yeye na Ibrae peke yao, alikiweka kijitabu mezani.

"Hii ya ekari arobaini. Baba alikuambia?"

"Alinionyesha chemchemi."

"Aliniambia alikukataza kuiandika."

"Mimi sikuandika hiyo," Ibrae alisema. "Watu wa kampuni waliongeza. Unajua watu wa Nairobi. Wana ramani zao."

Mbaabu angemwapisha, labda Ibrae angesema kweli. Alikuwa mtu wa kuogopa kiapo. Lakini Mbaabu hakumwapisha. Aliangusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, akasema, "Nilijua si wewe," na Jumatatu iliyofuata akaleta kikapu kama kawaida.

Magari yakaanza kupanda Karimene. Kwanza yalikuja ya watazamaji, watu wenye kamera na viatu vizito, walionunua viazi kwa bei ya juu na kupiga picha ndama. Kijiji kilifurahi. Kisha likaja gari la tajiri mmoja ambaye watu hawakuambiwa jina lake kamili, na nyuma yake gari la wapimaji. Kufikia mwisho wa mwaka wa 1980 nguzo za mbao zilikuwa zimesimama kuzunguka uwanda wote, na waya umevutwa, chemchemi ikiwa ndani. Mfereji haukukauka kabisa, lakini maji yaliyofika kwa akina Mbaabu yalikuwa matone ya tope, kwa sababu tajiri alichimba bwawa la samaki. Wanawake waliozoea kuteka pale walikutana na mlinzi. Gaceri alianza kuteremka mpaka mto wa chini, mwendo wa dakika arobaini, na kurudi akipanda.

Mbaabu alimsimulia Ibrae hayo yote mezani, na Ibrae alipomsikia akisema "siku hizi Gaceri anaamka alfajiri kwenda maji," kitu ndani yake kilitabasamu. Alikiona kikitabasamu. Akakiogopa, lakini hakukifukuza.

"Wazee wanataka kuandika barua ya malalamiko," Mbaabu alisema. "Nimewaambia hakuna wa kuiandika isipokuwa wewe."

Angekataaje? Aliandika. Aliandika dhidi ya sentensi yake mwenyewe, na barua ilikuwa kali, yenye heshima, isiyo na neno la kupoteza. Ofisa mmoja wa serikali wa upande ule wa mlima aliisoma akaitisha baraza, Karimene kwenyewe, kwenye uwanja wa shule, mwezi wa pili mwaka wa 1981. Wazee waliomba mwandishi wao awepo. Ibrae akapanda tena, safari hii peke yake.

Watu walijaa. Tajiri hakuja, alimtuma kijana mwenye tai kutoka ile kampuni ya vijitabu, ambayo kumbe ndiyo iliyoisajili ardhi kwa jina lake kisha ikamuuzia. Ofisa alikaa kwenye kiti cha mwalimu, mbele ya meza. Akasikiliza wazee mmoja mmoja. Kisha kijana mwenye tai akainuka na kijitabu.

"Mheshimiwa, sisi hatukuiba kitu. Hapa imeandikwa kwamba ardhi hii haina jina la mtu. Habari hii tulipewa na mwandishi aliyekuja hapa na kutembezwa na wazee wenyewe. Sisi hatukuongeza hata nukta."

Mbaabu alisimama kwa ghadhabu. "Mliongeza!"

"Kaa chini," ofisa alisema. Akakisoma kijitabu kwa makini, akamgeukia mzee Ntongai. "Mzee, wewe ndiye uliyemtembeza mwandishi?"

"Ni mimi."

"Ulimwambia ardhi haina mwenyewe?"

"Nilimwambia haina jina katika vitabu. Na nikamwambia asiiandike."

"Ulimwonyesha, ukamwambia haina jina, kisha ukamkataza kuandika?" Ofisa alitikisa kichwa. "Mzee, hayo yanaingia akilini? Au mlitaka wanunuzi waje, na sasa bei haiwaridhishi?"

Watu wengine walinong'ona. Mtu mmoja nyuma alisema kwamba kweli Ntongai alionekana akitembea na mgeni, peke yao, asubuhi nzima. Mwingine akauliza, alilipwa nini? Mzee Ntongai alibaki amesimama, mikono kwenye koti lake kuukuu. Aligeuza kichwa polepole akamtazama Ibrae, pale alipokaa kwenye benchi la mbele na nakala ya barua magotini. Jicho lile halikuuliza swali. Mzee alikuwa amejua. Inawezekana alijua tangu siku kijitabu kilipofika, naye akamwacha mwanawe aendelee kuamini.

Ibrae aliona kwamba angeweza kunyamaza. Daftari lake alikuwa amelichoma zamani. Kampuni haikuja na karatasi ya asili. Mzee angekuwa mwongo mbele ya watu wake, na Mbaabu, mwenye kila kitu, angepungukiwa na kitu kimoja, jina la baba. Wazo hilo lilimjia waziwazi hivyo, lenye utamu, na utamu wake ndio uliomtisha. Baba yake mwenyewe alikufa akiitwa mtu wa mbuzi.

Akasimama.

"Mheshimiwa, mwandishi ni mimi. Mzee anasema kweli. Alinikataza, nikamwambia nimesikia. Sentensi hiyo ni yangu. Kampuni haikuongeza."

Ofisa alikiweka kijitabu mezani.

"Kwa nini uliandika, basi?" ofisa aliuliza. "Ulipewa kitu?"

"Sikupewa."

"Kwa nini?"

Ibrae, ambaye maneno hayakuwahi kumkimbia, alitafuta akapata moja tu. "Wivu," alisema.

Mtu mmoja alicheka, mcheko mfupi wa mshtuko. Wengine hawakucheka. Ibrae hakumtazama Mbaabu. Alisikia benchi likilia, hatua zikiondoka kwenye nyasi, na hakuinua macho mpaka zilipopotea.

Kesi haikuisha siku ile. Ilipanda na kushuka maofisini miaka miwili. Mwishowe chemchemi na njia yake, na kipande cha uwanda, viliandikwa kwa jina la ukoo. Sehemu iliyobaki ilikaa na tajiri, akaikata ploti akaziuza, na leo zina nyumba za mawe ambazo wenyewe huja wakati wa Krismasi. Bwana Kanchoro alimhamisha Ibrae wiki ile ile ya baraza. Alimpeleka Ngaremara, kwenye kibanda cha barabarani, kuandika vibali vya mifugo inayopita.

Siku aliyorudi kutoka barazani alimwambia Kaltuma kila kitu, hata habari ya mfereji na kicheko. Kaltuma alikuwa akichambua mchele. Aliendelea kuchambua mpaka sinia likaisha.

"Ulikuwa unapima kicheko changu," alisema. "Miaka yote hii ulikuwa mwanamume ambaye angeweza kuniambia, Kaltuma, nimekosa kicheko chako. Ningekuchekea hata kwa debe tupu." Akainuka na sinia. "Sasa Gaceri nitamtazama kwa uso gani?"

Hakumwacha. Lakini muda mrefu hakumwita Abba Tiya. Alimwita Ibrae, kama jirani.

Mwaka wa 1984 mvua haikunyesha kabisa. Watu wa kaskazini waliteremsha mifugo yao Ngaremara kuiuza kabla haijafa, na foleni ya vibali mbele ya kibanda cha Ibrae ilifika barabarani. Siku moja, saa tano za asubuhi, lori lilisimama, na mtu aliyeshuka akashika zamu yake nyuma ya wafugaji, akangoja juani kama wengine. Alipofika dirishani Ibrae aliinua kichwa akamwona Mbaabu. Alikuwa amenenepa kidogo. Alivaa sweta jipya la kijivu, katika joto lile.

"Salaam aleikum," Mbaabu alisema.

"Aleikum salaam. Habari ya nyumbani?"

"Nzuri. Nimenunua mbuzi thelathini kwa Akuam, Mturkana wa pale chini. Nataka kibali cha kuwapandisha."

Thelathini. Ibrae aliwatazama wale mbuzi waliofungwa kando ya lori, mbavu nje, wakinunuliwa kwa bei ya kuku, wakienda kula majani yatakayowafika magotini. Na hapo, baada ya miaka yote hiyo, baada ya baraza na aibu na sala, kilimchoma tena, mahali pale pale chini ya kifua. Kitabu cha vibali kilikuwa mkononi mwake. Ingetosha kusema, njoo kesho, daktari wa mifugo hajatia mhuri. Mbuzi hao wasingefika kesho.

Alishika kalamu akaandika. Aliandika jina la Mbaabu, idadi, rangi, mahali watokako na waendako. Akapiga mhuri.

Mbaabu alikipokea kibali, akakitazama. "Bado una mwandiko mzuri," alisema.

"Mzee hajambo?"

"Alitutoka mwaka jana, mwezi wa nane."

"Mungu amrehemu." Ibrae aliuweka mhuri mezani. "Aliwahi kunitaja?"

Mbaabu alikunja karatasi mara mbili, akaitia katika mfuko wa sweta. Alifikiri kwanza, kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema uongo ili kumfurahisha mtu wala kumuumiza.

"Hapana," alisema. "Hakukutaja vibaya. Hakukutaja kabisa."

Akasimama kidogo zaidi, kana kwamba kuna neno lingine. Nyuma yake mzee mmoja wa Kiborana aliye na ng'ombe wawili waliokonda alianza kukohoa kwa kukosa subira.

"Msalimie mama Tiya," Mbaabu alisema mwishowe. "Gaceri humwulizia."

"Zitafika."

Mbuzi wakapakiwa, mmoja mmoja, wakishikwa miguu. Lori likawaka, likageuza, likashika barabara ya juu kuelekea mlimani, ambao siku ile haukuonekana kwa vumbi. Ibrae alilitazama mpaka mzee wa ng'ombe wawili alipogonga dirisha kwa fimbo yake.

"Jina lako, abba?" Ibrae alimwuliza, akafungua ukurasa mwingine.